Zamu ya Mkia

Wiki ile kiti kilimkataa Mama Pacha. Akikaa, anainuka. Akiinuka, anakwenda hadi jikoni mwisho wa ukumbi, anafungua friji ambayo haina chake ndani, anaifunga, anarudi. Anasoma mstari mmoja kwenye skrini mara mbili tatu na bado hajui umesema nini. Mguu wake wa kulia ulitikisika chini ya meza mchana kutwa, hata Miwani, rafiki yake waliyeshiriki naye meza, akamwambia kwa upole kwamba chai inamwagika.

Na sababu alikuwa nayo. Alikuwa amekalia kuti kavu, na kibaya zaidi, kuti lenyewe alilipokea kwa mikono miwili huku akishukuru.

Kampuni yao ilitengeneza programu ambayo maduka ya dawa huitumia kuagiza mizigo. Wenzake waliichora na kuiandika. Yeye kazi yake ilikuwa kuibomoa. Aliingia humo kama mteja mwenye haraka, mteja mwenye vidole vinene, mteja mjeuri asiyesoma maelekezo, akibonyeza hapa na pale mpaka kitu kiharibike, kisha akawarudishia wenyewe warekebishe. Kwa ufupi, alilipwa kutafuta makosa, na alikuwa hodari wa kuyatafuta. Mumewe, mwalimu wa sekondari, alipenda kusema kwamba mke wake akiingia peponi, siku ya kwanza tu atawatajia vya kurekebisha.

Sasa, kila nusu mwaka kampuni ilikuwa na jambo lake, wakiliita tathmini ya wenzako. Aliyelibuni, popote alipo, sidhani kama aliwahi kufanya kazi na binadamu. Kila mtu anawapa alama wenzake wote wa timu na kuandika neno juu ya kila mmoja, bila jina la mwandishi kuonekana. Ukisikia hivyo unaona ni haki tupu, maana nani anaijua kazi yako kuliko anayeshinda nawe? Ila mfumo ulikuwa na roho mbaya kidogo: haukukubali watu wote wawe wazuri. Ilikuwa lazima umweke mmoja mwisho kabisa, useme na kosa lake. Usipomweka, kitufe cha kutuma hakifanyi kazi, unaweza kukibonyeza mpaka kidole kiote sugu. Atakayewekwa mwisho na wengi ndiye Mkia. Mkia hapati nyongeza, halafu anaitwa na meneja kwa kile kilichoitwa mazungumzo ya maendeleo, yaani kusemwa huku unachekewa.

Mara ya kwanza walipoijaribu, timu ilikuwa ya watu watano, na nusura washikane mashati. Miwani, aliyekuwa mchoraji wa kurasa, alilia msalani. Fundi Seva, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha mitambo haizimi, hakumsalimu Dada Takwimu mwezi mzima, na Dada Takwimu naye, binti wa hesabu zake, alikuwa anaapa hakuhusika. Kila mtu akimtazama mwenzake anajiuliza, ni wewe? Ndipo Mwenyekiti akaja na wazo. Huyu hakuwa mwenyekiti wa chochote, alikuwa mwandishi wa programu kama wengine. Jina alilipata kwa sababu hakuweza kuona watu watatu wamesimama pamoja asifungue kikao.

Akawaambia, jamani, mama zetu si wanacheza upatu? Wote wanachanga, mmoja anapokea, mwezi ujao mwingine. Basi na sisi tucheze, ila wetu ni upatu wa hasara. Kila msimu tunamchagua mmoja awe Mkia, wote tunamweka mwisho, tunamwandikia kakosa kasikoua, na msimu unaofuata mwingine. Hakuna wa kulia msalani. Wakapiga kura ya zamu kwenye meza ya mgahawa. Mama Pacha wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo linatangulia, yeye anafuata. Wote kwa sauti moja wakasema huyu asiguswe, awe wa mwisho kabisa. Alitokwa na machozi ya shukrani siku ile. Kumbe.

Mchezo ulikwenda vizuri kuliko programu yao. Akaanza Fundi Seva, akafuata Dada Takwimu, kisha Mwenyekiti mwenyewe, kisha Miwani. Kila mmoja alinung'unika kidogo, akanunuliwa soda, akaingia kwa meneja akatoka. Makosa waliyatunga pamoja wakicheka: huyu anachelewa kujibu ujumbe, yule anaacha vikombe vichafu kwenye sinki. Kila aliyemaliza zamu yake alitembea kifua mbele. Na sasa pacha walikuwa wanakimbia na kuvunja vitu, na zamu iliyobaki ilikuwa moja.

Jumatatu meneja akawakusanya. Aliongea akiitazama meza. Wenye kampuni, alisema, wameamua kupunguza watu, na kwa kuwa hawataki upendeleo, watafuata alama. Safari hii Mkia wa kila timu ataondoka. Alama zifungwe Ijumaa mchana. Akauliza kama kuna swali, na kabla mtu hajafungua mdomo akakusanya vitu vyake akatoka. Mama Pacha aliinua macho kuwatafuta wenzake. Watu wanne walikuwa ghafla na mambo muhimu kwenye simu zao.

Kilichomchoma zaidi haikuwa kazi peke yake. Nyumbani kwake aliishi mama yake mzazi, na mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Bima ya kampuni ilikuwa imekwisha kulipia jicho la kwanza, na la pili lilikuwa limepangiwa mwezi ujao, hospitali na daktari yuleyule. Bima ya mumewe ilikuwa bima ya mwalimu, ukiugua mafua unatibiwa. Akitoka kazini, anatoka na jicho la mama yake.

Na mama, tangu jicho moja lifunguke, alikuwa hakamatiki. Alikuwa ameona vumbi juu ya kabati ambalo kwa miaka hakuwa analiona. Alikuwa amemwona mkwewe na kumuuliza, kwa heshima zote, kama ndevu zile ni mtindo au ni uvivu. Wajukuu zake, ambao alikuwa akiwatofautisha kwa kuwapapasa, sasa aliwaita kila mmoja kwa jina lake kutoka chumba cha pili. Jioni ya Jumanne alimtazama bintiye akizunguka sebuleni, akipanga mito ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

“We mtoto una nini? Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.”

Akajibu kazi tu, mama. Mama akasema kazi gani hiyo inayofanywa kwa mito. Kisha akaanza kusimulia atakavyovaa siku ya jicho la pili, na Mama Pacha akaenda kuosha vyombo ambavyo mumewe alikuwa amekwisha kuviosha.

Alisubiri mtu aseme. Hicho ndicho alichosubiri wiki ile, na hasira ilikuwa inampanda kidogokidogo. Alidhani Mwenyekiti ataita kikao, waseme jamani, mchezo ulikuwa mchezo, sasa mambo yamebadilika, tufanyeje? Walikuwa na kikundi chao kwenye simu, kile cha kupangia makosa na kutumiana vichekesho. Kikundi kilinyamaza kimya. Yeye mwenyewe aliandika ujumbe akaufuta, akaandika mwingine akaufuta. Atawaambia nini? Wote walikwishakula zao. Angesema zamu yangu iacheni, na wangeuliza, tumpe nani? Mfumo haukukubali wote wawe wazuri.

Jumatano Mwenyekiti alimkuta kwenye ngazi, maana Mama Pacha alikuwa ameanza kupanda na kushuka ngazi bila safari. Mtu mzima yule aliangalia nyuma kwanza.

“Mimi siwezi kukuandika wewe,” akasema. “Na watoto wale wadogo. Siwezi.”

“Utamwandika nani?”

Mwenyekiti akatazama chini ya ngazi, utadhani jibu lilikuwa linapandishwa na mtu. Akasema yeye asijali. Akasema kila mtu atumie akili yake. Akampiga begani akaenda zake, na kikao, yeye mtu wa vikao, hakukifungua.

Baada ya hapo wakaja wote, mmojammoja, kila mtu kwa njia yake. Dada Takwimu alimkuta kwenye sinki akamnong'oneza kwamba kwake yeye hesabu imekwishakaa sawa. Fundi Seva alimtumia kijipicha cha mikono iliyounganishwa. Miwani alimshika mkono chini ya meza, akaubana, kisha akatupa jicho kule pembeni dirishani. Hakuna aliyetaja jina. Na hakukuwa na haja, maana pembeni dirishani alikaa mtu mmoja tu.

Wenyewe walimwita Babu, akiwa hayupo. Mbele yake walisema Mzee. Alikuwa amevuka hamsini, mwandishi wa programu, kampuni yake ya zamani ilifungwa akakaa muda bila kazi, akaja kwao miezi michache nyuma. Walikuwa na nia ya kumwambia habari za mchezo. Mwenyekiti alisema tumjue kwanza, na kumjua kwenyewe hawakukuanza. Si kwamba alikuwa malaika. Alikuwa akifanya kazi huku anaimba kwa pua, wimbo mmoja usio na mwisho, na ukimuuliza jambo dogo atakuanzishia habari za kompyuta za zamani zilizokuwa kubwa kama kabati. Kazi yake ilikuwa ya kawaida tu, safi, haina maajabu. Mchana wenzake walikwenda kula nje, yeye akafungua chombo chake mezani. Hakuna aliyewahi kumwambia twende.

Mama Pacha ndiye aliyemwonyesha mazingira siku ya kwanza, na tangu hapo Babu alimhesabu kuwa mtu wake. Siku moja pacha mmoja alipandwa na homa, Mama Pacha akachomoka mbio bila kuaga, na meneja alipouliza yuko wapi, Babu alijibu yuko msalani. Meneja aliuliza tena baadaye sana. Babu akajibu bado yuko msalani, na kwa uso wa huruma akaongeza kwamba tumbo si kitu cha kuchezea. Kesho yake ofisi nzima ikawa inampa Mama Pacha pole ya tumbo.

Alhamisi mchana akaufungua ukurasa. Alama za wengine zilikwenda haraka, nzuri zote, ndivyo walivyozoea. Ilipobaki nafasi ya mwisho akaweka jina la Babu, akaja kwenye sanduku la kosa, na hapo mikono ikagoma. Fikiria mwanamke huyu. Alikuwa na uwezo wa kukuonyesha kosa kwenye kitufe ambacho wewe unakiona ni kitufe tu. Sasa alikuwa na mtu mzima mbele yake, mwenye kasoro kama sisi sote, na hakuona hata moja ya kumfukuzia mtu kazi. Aandike anaimba? Mtu afukuzwe kwa kuimba kwa pua? Akafungua kazi za Babu za mwezi mzima akazipitia, akitafuta kwa bidii, na kadiri alivyotafuta alizidi kujichukia, maana aliona alivyokuwa anafurahi kila alipodhani amepata. Akainuka, akaenda kwenye friji, akarudi.

Mwisho aliandika: Hachanganyiki na wenzake. Akabonyeza, na kitufe, ambacho hakina aibu, kikakubali.

Jioni ile alicheka nyumbani, akacheza na watoto sakafuni, akamwacha mama amsimulie tena nguo ya siku ya jicho. Alidhani amepona. Ijumaa asubuhi alipoingia ofisini na kusikia ule wimbo wa pua kule dirishani, mguu ukaanza tena, safari hii yote miwili. Alitamani Babu awe mtu mbaya. Alitamani amtukane mtu, aibe hata kalamu. Babu akampungia mkono.

Alasiri meneja alimwita Babu. Mlango ukafungwa. Ukumbi mzima ulikuwa unachapa kazi ambayo hapana aliyekuwa anaifanya. Miwani alikuwa anachora duara moja na kulifuta. Babu alipotoka alikwenda mezani kwake akakaa kidogo, na ukimya wa ile pua ulisikika mpaka jikoni. Kisha akainuka, akapita meza zote, akaja kusimama kwa Mama Pacha. Akamwomba dakika chache, kama hana kazi nyingi. Wakaingia kwenye kile chumba kidogo cha kupigia simu, chenye viti viwili na mlango mzito unaojifunga wenyewe.

Babu alieleza kwa utulivu kwamba ndiye Mkia. Akasema haikumshangaza sana, umri huu mtu unazoea. Kilichomsumbua ni kingine.

“Meneja amenisomea makosa yangu,” akasema. “Mmoja anasema mimi mzito. Mwingine anasema nina pupa. Mmoja anasema naongea mno. Mwingine anasema sichanganyiki na watu. Nimejaribu kuyaunganisha nimpate huyo mtu, simpati.” Akatabasamu kidogo. “Wewe ndiyo kazi yako. Nitafutie kosa langu, Mama Pacha. Nikienda mahali pengine nisilirudie.”

Mama Pacha angeweza kumwambia lolote. Angesema ule wimbo, Mzee, punguza ule wimbo, na Babu angeshukuru, wangepeana mikono, na yeye angerudi mezani na jicho la mama yake salama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini amekaa wiki nzima na jambo hili, limemzungusha ngazi na jikoni, na hakuwa na nguvu tena ya kulibeba hatua nyingine. Akamwambia. Akamwambia upatu wa hasara tangu mwanzo wake, kura ya mgahawani, soda, zamu iliyokuwa yake, na namna watu wanne walivyokuja mmojammoja bila kutaja jina. Alisema haraka haraka akiutazama mlango. Alipomaliza, alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, na nusura ashukuru.

Babu akauliza, “Na wewe uliandika lipi?”

“La kutochanganyika na watu.”

“Hilo ndilo nililoliamini,” Babu akasema. “Mengine niliona ni maneno tu. Hilo nilisema hapa kweli pana kosa. Nilikuwa nataka nikifika nyumbani nimwambie mke wangu, tatizo langu ni kwamba sijui kukaa na watu.”

Mama Pacha aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akasema samahani, akasema tena. Babu hakujibu samahani hiyo. Aliinuka, akaufungua ule mlango mzito, akaushikilia kwa mkono usijifunge.

“Basi twende ukaseme hivyo hivyo kwa meneja.”

Jamani, hilo hakuwa amelifikiria. Alikuja na ukweli akidhani kuusema ndiyo mwisho wa kazi. Akasema nina mama, Mzee, anasubiri jicho. Akasema nina watoto wadogo. Babu akasema na yeye ana wa kwake, mmoja yuko chuo, na hakusema zaidi, wala hakukasirika, wala mkono wake haukuondoka kwenye mlango. Alisubiri tu. Mama Pacha alimchukia kwa kusubiri kule. Angepiga kelele ingekuwa rahisi, angempigia naye, wakaachana vibaya, kila mtu na lake. Akatazama viatu vyake. Kisha akaona miguu yake imetulia, yote miwili, na kwamba kukaa hapo kulikuwa kumekwisha. Akainuka.

Walipita katikati ya ukumbi, yeye mbele, Babu nyuma. Mwenyekiti aliinua kichwa, akaona, akajifanya hamnazo. Miwani alivua miwani akaanza kuifuta.

Meneja alikuwa anatafuna karanga kutoka kwenye droo. Aliwatazama wote wawili, akaifunga droo, akawaonyesha viti. Mama Pacha akaanza kueleza, na hakufika mbali, meneja akainua kiganja. Hakuonekana kushangaa. Alionekana mtu aliyechoka ambaye mapumziko yake yamekatizwa.

“Najua,” akasema. “Kwani mimi sina macho? Mkia unazunguka timu nzima, kila msimu mtu mwingine, na makosa yenyewe ni vikombe. Nimejua tangu msimu wa pili.”

Mama Pacha alimuuliza mbona hakusema. Meneja akasema angesemea nini. Kila timu ina mchezo wake, na wao angalau hawakugombana. Juu hawamuulizi kosa. Juu wanamuuliza jina moja, na yeye kila msimu alikuwa na jina moja, kazi inaendelea. Alisema haya bila ubaya, kama mtu anayekueleza kwa nini lifti huwa inakwama. Akasema hata yeye anao mchezo wa kwake huko juu, na mameneja wenzake, na hajui zamu yake lini.

Kisha akaivuta kibodi karibu. Akasema majina hayajapelekwa bado, anapeleka jioni hii. Kama ni makosa, anaweza kuyasahihisha, ana ruhusa hiyo.

“Lakini nafasi ni moja, na lazima ijae,” akasema. “Sasa niambie wewe. Nimtoe huyu, nimweke nani?”

Mama Pacha alidhani akisema ukweli meneja ndiye atakayebeba yaliyobaki, si ndiyo maana ya kuitwa meneja. Sasa lilikuwa limerudishwa mapajani mwake. Akamfikiria Mwenyekiti aliyebuni mchezo mzima, na angeweza kulisema jina lile kwa roho nyeupe kabisa, si yeye aliyetuingiza humu? Akamfikiria Miwani na lile jicho alilolitupa dirishani. Lakini Mwenyekiti alikwishakaa kwenye kiti hiki, na Miwani pia, na walipokaa yeye Mama Pacha ndiye aliyewanunulia soda. Akamfikiria mama yake, na hapo akashindwa kabisa, machozi yakamlenga. Mama alikuwa ameanza kuzoea kuona. Nitamwambia nini? Babu alikuwa kando yake anatazama magoti yake mwenyewe. Hakumgeukia hata mara moja kumhimiza.

Haikuwa haki. Niliseme hilo wazi, maana kuna watakaosema mwisho haki ilitendeka. Yeye alikuwa mtafuta makosa bora kuliko wote ambao kampuni ile imewahi kuwa nao, na timu nzima ilijua, na meneja alijua. Haki ingekuwa kukiacha kile kiti kitupu. Ila mfumo haukuwa na kitufe hicho.

“Weka jina langu,” akasema.

Meneja akamtazama kidogo, akahakikisha kwamba amesikia vizuri. Kisha akaandika. Mama Pacha alidhani itachukua muda, kufuta mtu na kuweka mwingine, lakini vidole vilicheza mara chache tu ikawa imekwisha. Babu alishusha pumzi ndefu, akainuka, akasema kazi njema kwa wote, akatoka. Hakumshukuru. Na Mama Pacha, aliyekuwa amejikuta anaisubiri ile asante, aliona mwenyewe kwamba hakuna cha kushukuriwa, mzee wa watu amerudishiwa kilichokuwa chake.

Alitaka kuuliza habari za bima, itadumu mpaka lini, kama mwezi ujao bado utakuwemo. Akafungua mdomo. Meneja alikuwa ameigeuza skrini imwelekee, na kwa kalamu yake alikuwa anamwonyesha mahali.

“Hebu lisome kwanza,” akamwambia. “Nisije nikawa nimekosea jina.”

Mama Pacha akainama, akalisoma polepole, herufi kwa herufi, kama alivyozoea kusoma kazi za wenzake.

“Halina kosa,” akasema.